SANGARA: SAMAKI MKUBWA WA ZIWA VICTORIA NA HESABU YAKE

Somo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi

Shabaha ya somo

Mkazi wa Bendera, wilayani Same, anaishi kati ya Milima ya Upare na uwanda wa Mkomazi. Samaki amlaye aghalabu ametoka mbali: pwani ya Tanga, bwawa la Nyumba ya Mungu, au Ziwa Victoria. Kati ya hao wa Ziwa Victoria yumo mmoja ambaye kipande chake tu huweza kulisha nyumba nzima, naye ni sangara. Mwanachama anayemwona samaki huyo, na ambaye shambani kwake lipo bwawa au ndiva ya kumwagilia mpunga na mahindi, ana haki ya kuuliza: je, samaki mkubwa kiasi hiki hawezi kuletwa kwetu akafugwa?

Katibu wa chama hana budi kuwa na jibu la swali hilo, tena jibu lenye sababu. Kwa hiyo somo hili litaeleza umbile la sangara, chakula chake, uzazi wake, na yale yaliyotokea alipohamishwa kutoka maji aliyoyazoea. Lasomwa katika mkutano wa chama, kisha hujadiliwa kwa kufuata maswali yaliyowekwa mwishoni.

1. Umbile la sangara

Sangara ni samaki wa maji baridi. Wakenya wa kandokando ya ziwa humwita mbuta, na Waganda humwita mputa. Mwili wake ni mrefu wenye rangi ya fedha, mgongo umeelekea rangi ya buluu au kijivu, na mkia wake umeviringana mwishoni. Pezi la kwanza la mgongoni lina miiba migumu ambayo mvuvi asiye mwangalifu huijua mapema. Jicho ni jeusi lililozungukwa na duara ya manjano, nalo hung'aa likimulikwa gizani kama jicho la paka, maana limeumbwa kuona penye mwanga hafifu.

Akiachwa kuishi miaka mingi, sangara hufikia urefu wa karibu mita 2 na uzito wa kilo 200, yaani kama magunia mawili ya mahindi. Wakubwa kiasi hicho ni nadra sana siku hizi, kwa sababu wengi huvuliwa wakingali wadogo.

Tofauti na kambare, ambaye hupanda juu na kuvuta hewa anapokuwa katika maji machafu au machache, sangara hutegemea matamvua yake tu. Maji yakipungukiwa na hewa, yeye ni miongoni mwa wa kwanza kufa. Hata katika Ziwa Victoria, lenye kina kisichozidi sana mita 80, sangara hawawezi kukaa kila mahali. Katika miezi ya joto maji ya juu na maji ya chini hutengana, na yale ya chini huishiwa hewa, hata samaki hulazimika kupanda juu au kusogea pwani. Zikifika pepo za kusi, karibu na mwezi wa Juni na Julai, maji huchanganyika na hewa hushuka tena chini.

2. Chakula chake

Sangara hali majani wala matope. Huyo ni mlaji wa nyama tangu utoto wake, ila nyama hiyo hubadilika kadiri anavyokua. Akiwa mdogo sana hula vijidudu vielevyo majini. Akikua kidogo hula uduvi wa ziwani na wadudu wachanga wakaao majini, kama vile watoto wa kereng'ende. Akiisha kuwa mkubwa hula samaki wenzake: furu, dagaa, na hata watoto wa sangara. Jambo hili la mwisho lazima likumbukwe vema, maana litarudi mbele katika somo.

Elimu ya viumbe ina kanuni moja ya jumla ambayo mtu yeyote anayeshika daftari ataielewa upesi. Kiumbe alapo kiumbe kingine, sehemu kubwa ya chakula hicho hutumika kumtia nguvu za kuogelea, kupumua na kuishi, na sehemu ndogo tu, yapata moja katika kumi, ndiyo inayobaki kuwa nyama mwilini mwake. Kwa makadirio hayo, kilo moja ya mlaji mkubwa imejengwa kwa kilo nyingi za samaki wadogo. Mnunuzi sokoni haioni gharama hiyo, lakini ziwa limeilipa.

Ndiyo maana mahali popote penye maisha ya kawaida samaki wakubwa wawindao huwa wachache, na wale wadogo huwa wengi. Mizani hiyo ikivunjika, mlaji hula mtaji wake mwenyewe.

3. Uzazi wake

Hapa ndipo sangara anapotofautiana kabisa na perege na ngege. Perege jike hutaga mayai yapatayo mia kadhaa, akayaatamia kinywani mwake, na vifaranga wakiisha kutoka huwaruhusu kukimbilia humo humo penye hatari. Watoto wake ni wachache, lakini wana mlezi.

Sangara jike hutaga mayai kwa mamilioni. Mama mkubwa sana huweza kubeba mayai zaidi ya milioni 10 kwa wakati mmoja. Mayai hayo ni madogo, yana tone la mafuta ndani yake, nayo huelea majini bila mlezi yeyote. Karibu yote hupotea. Lakini maji yakiwa mazuri na chakula kikiwa tele, sehemu ndogo tu ikiokoka yatosha kujaza ghuba nzima katika miaka michache.

Dume hupevuka akiwa na urefu wa sentimita 50 hadi 60 hivi. Jike hukawia zaidi. Aghalabu hupita sentimita 70 kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Tena mama mkubwa hutaga mayai mengi mno kuliko mama mdogo. Kwa hiyo samaki watano wadogo si sawa na mama mmoja mkubwa, hata kama mizani ya sokoni itasema uzito wao ni mmoja.

4. Jinsi alivyoingia Ziwa Victoria

Wengi hudhani sangara ni mwenyeji wa Ziwa Victoria tangu zamani. Sivyo. Asili yake ni Mto Nile wa chini, maziwa ya Albert na Turkana, Ziwa Chad, na mito ya Kongo, Niger, Volta na Senegal. Wamisri wa kale walimheshimu, na katika mji wa Esna walimkausha na kumzika kama walivyofanya kwa watu wao. Lakini maporomoko ya Murchison, nchini Uganda, yalimzuia kupanda Nile hadi Ziwa Victoria.

Kabla ya hapo ziwa hilo lilikuwa na samaki wa namna nyingine. Furu peke yao walikuwa na aina zaidi ya 500, kila aina na kazi yake: walikuwapo waliokula mwani, waliokula matope, waliokula wadudu, na waliokula konokono, ambao baadhi yao ndio wabebao kichocho. Samaki wa heshima mezani alikuwa ngege. Nyavu za makila zilipoletwa ziwani mwaka 1905, ngege walianza kupungua. Katika miaka ya 1927 na 1928 mtaalamu Michael Graham alilichunguza ziwa, akashauri nyavu zisiwe na jicho dogo kuliko inchi 5. Katika taarifa yake ya mwaka 1929 alionya pia kwamba kumwingiza humo samaki mkubwa mwenye kuwinda kungekuwa hatari kubwa kama uchunguzi wa kutosha usingetangulia.

Miaka ya 1950 hoja ilirudi kwa nguvu. Waliotaka sangara aletwe walisema furu ni wadogo, wana miiba, na bei yao haifai; afadhali aje samaki mkubwa awale, ageuze vitu visivyo na thamani kuwa nyama ya kuuzwa. Waliopinga, akiwamo mtaalamu Geoffrey Fryer aliyeandika juu ya jambo hilo mwaka 1960, walisema hesabu hiyo ina upungufu: mlaji hawezi kutoa nyama nyingi kuliko ile aliyokula, na akiisha kutiwa ziwani hakuna awezaye kumwondoa.

Ubishi ulipokuwa ukiendelea, jambo lenyewe lilikwisha kutendeka. Mwaka 1954 sangara kutoka Ziwa Albert walitiwa katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, na mwaka 1960 walikuwa wakionekana katika nyavu za wavuvi. Mwaka 1962 na 1963 wakaongezwa rasmi, Uganda na Kenya. Kwa miaka kama kumi na mitano wengi waliona kwamba hakuna kilichobadilika.

5. Faida na hasara

Kisha mabadiliko yalikuja kwa pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1970 sangara walijaa upande wa Kenya. Mapema miaka ya 1980 wakajaa Uganda. Na katikati ya miaka hiyo wakajaa upande wa Tanzania, pamoja na Ghuba ya Mwanza. Furu, ambao hapo awali walikuwa yapata asilimia 80 ya uzito wa samaki wa ziwa walionaswa katika uchunguzi, wakatoweka karibu wote katika maji ya wazi. Wataalamu walikadiria kuwa aina kama 200 hazitaonekana tena.

Haki inadai isemwe kwamba sangara hakuwa peke yake. Tangu mwaka 1976 furu walikuwa wakikokotwa na meli huko Mwanza ili wasagwe kuwa chakula cha mifugo. Ngege alikuwa amekwisha kudhoofishwa na nyavu zenye jicho dogo, na kwa sato ambaye naye aliletwa kutoka kwingine miaka ya 1950. Rutuba iliyotoka mashambani na mijini ililisha mwani, na mwani ulipooza uliyanyima maji hewa. Lakini mkono uliokuwa mzito kupita yote juu ya furu ulikuwa wa sangara.

Katika upande wa mapato, faida ilikuwa kubwa kweli. Mavuno ya ziwa zima, yaliyokuwa kama tani 100,000 kwa mwaka kabla ya hapo, yalifika kama tani 500,000 mnamo mwaka 1990. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza na Musoma, na minofu hiyo ikapelekwa Ulaya kwa ndege. Mabondo yalipata soko Mashariki ya mbali, na sangara wa chumvi aitwaye kayabo akapelekwa Kongo. Maelfu ya watu walipata kazi: waunda mitumbwi, mafundi wa nyavu, wachukuzi, mama lishe na wauza barafu. Asiyeyataja hayo hatendi haki.

Katika upande wa matumizi, ziko gharama ambazo hazikuandikwa mwanzoni. Furu mdogo alianikwa juani akakauka bila gharama. Sangara ana mafuta mengi. Hapana budi akaushwe kwa moshi au akaangwe, na kuni zake zikatoka katika miti ya pwani ya ziwa. Viwanda vilipoanza kununua, bei ilipanda, na mwananchi wa kipato cha chini akabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyokwisha kutolewa minofu. Tena soko lililotegemewa lilikuwa mbali: kati ya mwaka 1997 na 1999 nchi za Ulaya zilizuia samaki wa ziwa hilo mara kadhaa kwa sababu za afya, na kila mara waliopata hasara kwanza walikuwa wavuvi.

Na sangara mwenyewe alifanya nini furu walipokwisha? Aliligeukia daftari lake. Alikula uduvi, akala dagaa, akala watoto wake mwenyewe. Wakati huo huo nyavu na makokoro yaliongezeka, na sangara wachanga wakavuliwa kabla ya kuzaa. Miaka iliyofuata wakubwa walipungua. Hapo baadhi ya furu waliosalia walianza kuongezeka tena, na dagaa wakawa ndio mavuno makubwa ya ziwa kwa uzito.

Nchi tatu zenye ziwa, ambazo tangu mwaka 1994 zina shirika lao la pamoja la uvuvi lenye makao Jinja, zilikubaliana kwamba sangara wa chini ya sentimita 50 asivuliwe. Kwa wakati fulani uliwekwa pia ukomo wa juu wa sentimita 85 ili kuwahifadhi mama wakubwa. Mwanachama akilinganisha vipimo hivyo na yaliyosemwa katika sehemu ya tatu ataona sababu yake. Sentimita 50 humpa dume nafasi ndogo tu, na jike bado hajafika. Anayevua chini ya hapo anauza mbegu kabla ya mvua.

6. Habari iliyo karibu na Bendera

Huenda msomaji akadhani kwamba hayo yote ni ya Kanda ya Ziwa. Lakini maji ya bonde la Mkomazi, pamoja na yale ya bwawa la Kalimawe, huishia Mto Pangani. Na katika Pangani hiyo hiyo limo bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katikati ya miaka ya 1960.

Wavuvi wa Nyumba ya Mungu wanamjua ngege. Ngege huyo si mwenyeji wa Pangani. Asili yake ni Ziwa Victoria, naye aliletwa Nyanda za Kaskazini watu walipokuwa wakitia samaki katika mabwawa. Kule kwao alikotoka amekuwa adimu mno, amesalia zaidi katika maziwa madogo ya pembeni ambako sangara hawakufika. Hivyo maji ya Pangani yamekuwa miongoni mwa makimbilio yake. Pamoja naye wamo perege wa asili ya Ziwa Jipe na Mto Pangani, ambao hawana kwao pengine duniani, na ambao wamehesabiwa kuwa katika hatari kubwa ya kutoweka.

Mtu mmoja akibeba ndoo ya sangara wachanga kutoka Mwanza na kuimimina katika bwawa lolote la bonde hili, mvua moja ya masika yatosha kuwafikisha mtoni. Kilichotendeka Ziwa Victoria kwa miaka thelathini kitapata nafasi ya kuanza upya, safari hii katika maji madogo kuliko yale, na dhidi ya samaki wasio na makimbilio mengine.

7. Jibu la katibu kwa mwanachama

Katibu akiulizwa kama sangara afaa kufugwa Bendera, na ajibu hapana, akitoa sababu nne.

Kwanza, ndiva hujazwa usiku na kufunguliwa mchana kwa zamu. Maji yake hupungua, hupata moto na kukosa hewa. Sangara hawezi kuyastahimili.

Pili, mfugaji atalazimika kumlisha samaki kwa samaki, na gharama ya chakula itazidi bei ya nyama. Akiacha kumlisha, wakubwa watakula wadogo.

Tatu, akitoroka hatarudishwa. Ng'ombe aliyeingia shamba la jirani hufukuzwa, na fidia ikalipwa. Samaki aliyeingia mtoni hana mwenye kumfukuza.

Nne, kuhamisha samaki hai kutoka maji mamoja hadi mengine si jambo la mtu binafsi. Linahitaji kibali, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inasimamiwa na maofisa ambao chama kinapaswa kuwaona kabla ya kununua kifaranga hata mmoja.

Anayetaka kufuga na afuge, lakini kwa kumwuliza ofisa uvuvi ni perege wa aina gani afaaye katika bonde hili. Hata sato, asifiwaye kwa kukua upesi, akitorokea Pangani huzaliana na perege wa asili na kuipoteza mbegu yao. Wafugaji wengine huweka kambare wachache pamoja na perege ili wapunguze vifaranga wanaozidi. Huo ni ulaji wenye kipimo, na mwenye bwawa ndiye anayeushika.

Chama cha ushirika huelewa jambo hili kuliko mtu mmoja mmoja, maana kimezoea kutenganisha mtaji na gawio. Wahenga wa ushirika husema mali bila daftari hupotea bila habari. Walioleta sangara waliandika mapato na kusahau matumizi. Nao walioishi pwani ya ziwa ndio waliolipa tofauti.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini samaki wakubwa wawindao huwa wachache kuliko samaki wadogo? Toa mfano wa jambo kama hilo katika malisho ya mifugo.

2. Linganisha uzazi wa perege na wa sangara. Ni yupi anayeharibikiwa upesi mama wakubwa wakivuliwa, na kwa sababu gani?

3. Waliotaka sangara aletwe walikuwa na hoja gani? Ni sehemu gani ya hesabu ambayo hawakuiandika?

4. Orodhesheni mabwawa na ndiva zilizomo katika eneo la chama chenu. Maji ya kila moja hutiririkia wapi yakifurika?

5. Mwanachama akija na shauri la kuleta mbegu ngeni, iwe ya samaki, ya mmea au ya mnyama, halmashauri ya chama na imwulize maswali gani kabla ya kukubali?